Kabla ya Kununua Kichujio cha Darubini, Lipa Nauli

Nimepotea kidogo, kazi za ofisini zilinizidi. Leo naweka programu kando nizungumzie darubini, ugonjwa wangu wa pili baada ya kompyuta.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni amejinunulia darubini. Anapiga picha za anga akiwa kwenye roshani ya nyumba yake hapa Nairobi. Juzi akaniuliza: "Ninunue kichujio kipi ndio nebula zionekane?" Nikamwambia asinunue chochote kwanza. Alinuna. Basi acha nijieleze hapa, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Jambo la msingi ni hili: kichujio hakiongezi kitu, kinapunguza tu. Kichujio cha chai hakiongezi maziwa wala majani, kinazuia makapi. Cha darubini ni vivyo hivyo. Ni kipande cha kioo kilichopakwa tabaka nyembamba zinazopitisha rangi fulani za mwanga na kuzuia nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipi ni kizuri, jiulize: makapi ya mtaani kwangu ni ya aina gani?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Taa za barabarani za sodiamu, zile za rangi ya machungwa, hutoa sehemu kubwa ya mwanga wake karibu na nanometa 589. Unazuia eneo hilo, unabaki na anga. Lakini mtaa wetu sasa una taa nyeupe za LED. Taa hizo ni diodi ya buluu iliyofunikwa kwa fosfa, na mwanga wake umetapakaa kuanzia buluu hadi nyekundu. Nyota na galaksi nazo hutoa mwanga uliotapakaa hivyo hivyo. Ni kama kuzuia barua pepe taka zilizoandikwa kwa maneno yale yale ya barua za mama yako. Ukizuia taka, umemzuia na mama.

Kuna wanaoniambia, "Lakini nimeona picha nzuri za nebula zilizopigwa katikati ya jiji!" Kweli, na sibishi. Nebula zinazong'aa zenyewe, kama ile ya Orion, hutoa mwanga wao mwingi katika mistari michache: haidrojeni kwenye nanometa 656.3 na oksijeni kwenye 500.7. Kichujio chembamba kinachopitisha nanometa chache tu kuzunguka mistari hiyo kinafanya kazi hata mjini. Kwa galaksi hakikusaidii.

Hapo ndipo mtego wa pili ulipo. Kamera ya kawaida, kama ile ya rafiki yangu, imetoka kiwandani ikiwa na kichujio chake mbele ya kihisi, na hicho hukata sehemu kubwa ya ule wekundu wa haidrojeni. Sasa unaweka kimoja kinachoruhusu wekundu, mbele ya kingine kinachoukataa. Waliosoma mantiki ya AND watacheka. Lakini aliyetoa pesa zake hacheki.

Mimi mwaka jana nilichanga mafuta na wenzangu wawili tukaenda upande wa Magadi, usiku usio na mwezi. Hatukuwa na kichujio hata kimoja. Tuliielekeza darubini kwenye nebula ya Carina, jirani ya Msalaba wa Kusini, ambayo wenzetu wa Uingereza hawaioni kabisa wakiwa kwao. Mtambo unaofuata mzunguko wa anga ukafanya kazi yake, tukapiga picha 100 za sekunde 30 kila moja. Nyumbani nikaziunganisha kwa Siril, programu ya bure. Ukichukua wastani wa picha 100, chengachenga hupungua mara 10. Picha niliyopata imeshinda zote nilizopiga mjini kwa miaka miwili. Sisi watu wa programu tunajua somo hili: data mbovu irekebishe kwenye chanzo, usingoje mwisho wa safari.

Najua si kila mtu anaweza kusafiri kila mwezi. Ukiwa umeshabadilishiwa kamera, au unayo ya anga hasa, nunua kile chembamba bila wasiwasi. Angalia kipenyo kwanza, inchi 1.25 au inchi 2, kilingane na adapta yako. Kikaze kwa vidole tu, usitumie koleo. Ukishakifunga, rekebisha fokasi upya kwa nyota angavu, kwa sababu kioo husogeza fokasi nyuma kwa karibu theluthi ya unene wake. Kioo cha milimita 2 kinakusogeza karibu milimita 0.7. Ni kidogo, lakini kinatosha kufanya nyota ziwe kama mandazi.

Kuna kichujio kimoja tu ambacho nasema kinunuliwe mapema kabisa: cha Jua. Hiki si cha urembo wa picha.

Darubini yangu ya kwanza niliinunua mtumba. Ilikuja na kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia, kimeandikwa "Sun". Desemba moja nikiwa ushago, watoto walipanga foleni kulitazama Jua. Mpwa wangu alipotoka tu kumpisha mwenzake, kikalia, ta! "Anko, kuna kitu kimepasuka." Kilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Pale nyuma ndipo darubini hukusanya joto lote, na kioo kilichopasuka hakizuii kitu. Laiti mtoto angekuwa bado ameinama! Nilikitupa chooni siku hiyo hiyo, na mpaka leo nikikumbuka mikono inalowa.

Kichujio cha Jua hukaa mbele ya darubini, kabla mwanga haujakusanywa. Kile cha kutazamia kwa macho hupitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000. Kifunge kwa utepe upepo usikiinue, na ufunike pia kile kidarubini kidogo cha kulengea. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa, na hapa Kenya tutaliona likiliwa sehemu. Foleni za watoto zitakuwepo.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: cha Jua kwanza, kisha nauli ya kwenda gizani, kisha kamera, na kile cha nebula mwisho. Rafiki yangu bado amenuna, lakini ameshauliza mwezi mpya ni lini.