Umepoteza kitambulisho? Usikae ukingoja kiokotwe

Ukiwa kwenye magrupu ya Facebook na WhatsApp ya Ukunda, Diani au Msambweni, posti hii unaijua: “Kitambulisho kimeokotwa stejini, mwenyewe ajitokeze.” Chini yake kuna picha ya kadi, mbele na nyuma. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba yote viko wazi. Tunaisambaza tukiandika “Mungu akubariki”.

Nia ni njema, sikatai. Lakini tapeli hahitaji kadi yako mkononi. Namba, jina na tarehe ya kuzaliwa vinamtosha kuanza kazi. Akimpata wakala asiyejali, anasajili laini kwa jina lako. Kwa laini hiyo atakopa, atatapeli watu, kisha aitupe. Polisi wakifuatilia, jina watakaloliona ni lako.

Mimi nilijifunza kwa machungu. Nilidondosha pochi kwenye matatu nikitoka Msambweni, nikasema si kitu, watu wa huku waungwana, itarudi tu. Kituo cha polisi nilikiona mbali. Mwezi ukaisha. Siku moja nikapigiwa simu, sauti kali: lipa deni. Mkopo wa app ambayo sijawahi hata kuipakua! Nikajitetea kwamba kitambulisho kilipotea. Nikaulizwa swali moja: “Uliripoti lini?” Sikuwa na jibu.

Basi usifanye nilivyofanya. Siku hiyo hiyo nenda polisi, tukio liandikwe kwenye OB, uchukue abstrakti. Hiyo karatasi si ya kuombea kitambulisho kipya pekee. Ndiyo ushahidi wako kwamba kuanzia tarehe fulani kadi haikuwa kwako. Piga picha, jitumie kwa baruapepe.

Kama simu nayo imeenda, azima ya rafiki upigie kampuni yako ya simu wafunge laini na pesa zilizomo. Ijulishe benki. Kisha ukiwa na laini ya Safaricom, bonyeza *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti papo hapo. Na usisahau CRB: una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Wengi wetu tunajua tuna deni la mtu mwingine siku tunaponyimwa mkopo wetu wenyewe.

Unadhani natia chumvi? Juni 2021 Wakenya wengi walifungua eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kadi zao zilikuwa mfukoni. Namba zao ndizo zilizokuwa zimetembea.

Na zinatembea kwa sababu tunaziachia. Soja wa geti anaandika jina, namba ya kitambulisho na ya simu kwenye kitabu ambacho kila anayeingia anakisoma. Ukienda saiba kutoa kopi, moja ikiharibika unaiacha pale pale. Kesho imefungiwa viazi karai. Halafu kuna ile ya “niazime kitambulisho nisajili laini”.

Hiyo ya mwisho huku Kwale ina historia yake. Wamakonde waliishi miaka mingi bila kitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipofunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, ndipo wakatambuliwa kuwa Wakenya. Wapemba walisubiri hadi 2023. Mtu asiye na kitambulisho hana laini wala akaunti kwa jina lake, kwa hiyo alitegemea jirani mwenye roho safi. Ulikuwa msaada wa haki. Lakini leo anayekuomba kadi yako na yeye anayo yake, muulize kwa nini. Watu walitembea kwa miguu kudai kile kipande cha plastiki, sisi tunakigawa kama karanga.

Sheria ipo. Ile ya uhalifu wa mitandao ya 2018 inamtoza mwizi wa utambulisho faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ile ya kulinda data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa zako azitunze. Kwa hiyo wenye mageti, acheni kuandika namba za vitambulisho vya watu kwenye madaftari yaliyo wazi. Nasi wageni tuulize, zinaenda wapi?

Na wewe utakayeokota kadi kesho pale Kona ya Musa, asante mapema. Ipeleke polisi au kwa chifu. Ukitaka kuposti, andika jina tu, namba na picha zibaki kwako. Mwenyewe akija, muulize tarehe yake ya kuzaliwa. Akishindwa kuitaja, si yake.