"MTAFUTIE MTOTO BABA!" Sitaki, ng'o

Nimepotea kidogo, zamu za usiku zimenikamata wiki tatu mfululizo. Leo nina mapumziko, nimelala, nimekula, na nina hasira. Kwa hiyo kaeni vizuri.

Ijumaa iliyopita nilialikwa harusini, hapahapa Muscat, kule Mabela. Waswahili watupu: wa Unguja, wa Tanga kwetu, wa Mombasa, na Waomani waliozaliwa Afrika Mashariki. Nikatoka nje kumtafuta mwanangu, ana miaka kumi. Kaka mmoja mtu mzima, tunaheshimiana, akaniita pembeni: "Dada, huyu mtoto anaharibika. Mtafutie baba."

Kosa la mtoto? Aliangushwa kwenye mpira akalia. Basi!

Pale nilinyamaza kwa adabu. Hapa kwangu sinyamazi.

Kwanza, mwanangu baba anaye. Yuko Dar, mzima wa afya, anapiga simu Idi mbili kwa mwaka. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaposema wajibu wa kumtunza mtoto inamtaja mzazi, haisemi mama peke yake. Mbona hakuna anayempigia yeye kumwambia kwamba mtoto anaharibika? Sisi tuna methali, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kila mtu anaikumbuka akimwona mwanamke aliyeachika. Lakini tunayo na nyingine: mkono mmoja haulei mwana. Hiyo wanaume wanaisahau haraka sana.

Pili, msinielewe vibaya. Sisemi mtoto wa kiume hahitaji wanaume. Anawahitaji, na mimi najua hilo kuliko yule kaka. Kuna milango ambayo mimi naishia nje. Msikitini upande wa wanaume siingii. Kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume wa Kiomani, siingii. Na ni mle ndani mtoto wa Kiomani anakojifunza utu: kusalimia wakubwa mmoja mmoja, kushika dele la kahawa mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, kumwaga kidogo kidogo, na kujua kwamba mgeni akitikisa kikombe ametosheka. Kwetu Tanga angejifunza kwenye baraza ya kahawa, kwa wajomba zake. Huku wajomba hana. Usiku mwingine nikiwa wodini hilo linaniuma, siwafichi.

Lakini dawa ya hilo ni mume? Mume ni wangu, si dawa ya mtoto. Niolewe kwa haraka na mtu nisiyemjua ili mtoto apate mtu wa kumwigiza? Na akiiga matusi? Akiiga ngumi? Mimi ni nesi, nimesomea digrii, nimewahudumia akina mama na watoto waliopelekwa hospitali na hao hao "baba" waliotafutwa.

Sasa niwaambie nilichofanya. Jirani yetu ni mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, alirudi huku baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Nilimfuata mkewe kwanza, nikamwambia Bibi, naomba Babu amchukue mjukuu wake Ijumaa. Babu hakuuliza baba yake yuko wapi. Alisema tu, "Aoge, avae kanzu, awe tayari mapema." Sasa mwanangu anajua kumwaga kahawa.

Wa pili ni nesi mwenzangu, mwanamume. Anawaosha wazee wa kiume, anawageuza, anawalisha. Siku moja mwanangu aliniuliza, "Mama, mwanamume anaweza kuwa nesi?" Nilimpeleka kwao, yeye, mkewe na watoto, wakala pamoja, akamuuliza mwenyewe. Toka siku hiyo hajauliza tena.

Na nina masharti, bila aibu. Hakuna mlango wa kufungwa, hakuna siri na mtu mzima, hakuna kulala kwa watu. Mtu akichukia masharti yangu, basi amejibu swali langu.

Msiniambie hii ni tabia ya Kizungu. Mtume mwenyewe alizaliwa baba yake ameshafariki, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha ami yake Abu Talib. Na Ummu Sulaym alimpeleka mwanawe Anas, mtoto wa miaka kumi, kwa Mtume amtumikie. Anas alikaa naye miaka kumi, na akasimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata "ah!" Huyo mama aliolewa tena, ndiyo, na Abu Talha. Lakini kwa sharti lake: mahari ilikuwa Abu Talha asilimu. Hakuolewa kwa kuwa mtu alimwita pembeni harusini!

Kwa hiyo kaka yangu wa harusini, na wenzako wote mnaotuambia tutafute baba: mimi sikuombi ndoa, wala ada ya shule, naijua kazi yangu. Nakuomba saa moja. Ukienda msikitini na mwanao, pita mchukue na wangu. Ukicheza mpira ufukweni, mwite. Akianguka akalia, mnyanyue, mpanguse mchanga, mwambie aendelee. Pale harusini ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka alipoanguka. Ulimwacha chini, ukaja kunihubiria mimi.

Mwanangu alikuona. Huo nao ni mfano.

Ni hayo tu kwa leo, naingia zamu kesho. Mwenye saa moja anajua tunapokaa. Wasalaam.