CHETI CHA BAHARIA NA MKONO WA SERIKALI



Sisi ni watu wa visiwani. Mchele tuuzao na nguo tuvaazo vyaja kwa chombo, na Mpemba mwenye mgonjwa wake Unguja mara nyingi hana budi kuitia roho yake mikononi mwa nahodha asiyemjua kwa sura wala kwa jina. Kinachomfanya amwamini nahodha huyo ni karatasi moja tu, nayo ni cheti alichopewa na Serikali. Basi yatupasa tuulize: ni nani mwenye kukiangalia cheti hicho baada ya kutolewa? Na huyo mwenye uwezo wa kukinyang'anya, naye huangaliwa na nani?

Tuwatazame Wamarekani, si kwa kuwasujudia, bali kwa kuwa jambo hili wameliwekea kanuni zenye kusomeka. Huko kazi hii ni ya Walinzi wa Pwani. Baharia akituhumiwa mwenendo mbaya, kama vile kukaidi amri ya halali ya nahodha, kupigana chomboni, kusema uwongo alipoomba cheti au kukataa kupimwa dawa za kulevya, khabari zake hupelekwa kwa afisa mpelelezi. Huyo huhoji mashahidi na kusoma daftari za chombo. Kisha huamua ama kuifunga kesi, ama kutoa onyo la maandishi, ama kupokea cheti kwa hiari ya mwenyewe, ama kuandika mashtaka.

Hapo ndipo penye somo letu. Mpelelezi akishaandika mashtaka, hana tena neno katika hukumu. Anakuwa mdai, na mwenye kukata shauri ni hakimu mwingine kabisa. Baharia hupewa siku 20 za kujibu. Anayo haki ya kuweka wakili, ya kuleta mashahidi wake na ya kuwahoji mashahidi wa Serikali. Mzigo wa kuthibitisha ni wa Serikali, kama wanavyojua wote waliokaa chini ya mwalimu wa fikihi kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Asiporidhika hukata rufaa kwa Mkuu wa Walinzi wa Pwani, na baada yake kwa Halmashauri ya Usalama wa Usafiri, ambayo haimo chini ya Walinzi hao. Hata panapokuwa na hatari ya haraka, kama nahodha kushikwa na ulevi kazini, sheria ya mwaka 1990 yaruhusu cheti kizuiwe kabla ya hukumu kwa muda usiozidi siku 45. Na kanuni zenyewe zatamka kwamba makusudio si kumwadhibu mtu, bali kulinda maisha baharini.

Kwa nini uangalifu wote huu? Kwa sababu cheti ni riziki. Mwenye duka akifungiwa leseni anaweza kwenda kulima, lakini mtu aliyeanza kuvuta kamba akiwa kijana na kupanda daraja hata akashika usukani, ukimpokonya cheti umempokonya umri wake. Mkono wenye nguvu kama hizo haufai kuachwa bila ya mpaka.

Lakini somo lina upande wa pili. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, ikamwaga baharini mafuta yapata lita milioni 40. Nahodha Joseph Hazelwood alishtakiwa mahakamani kwa ulevi, na mwaka 1990 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia katika shtaka hilo. Shauri la cheti chake lilikwenda njia yake mbali, na likasimamishwa kwa miezi tisa. Amma Halmashauri ya Usalama wa Usafiri, ilipochunguza sababu, haikumtaja nahodha peke yake. Ilitaja pia uchovu wa afisa aliyekuwa zamu, na kampuni ambayo haikuweka mabaharia wa kutosha waliopumzika. Je, mwenye meli ana cheti gani cha kusimamishwa? Hana. Ndiyo maana kila penye maafa, kidole huwa chepesi kumwelekea aliyeshika usukani na kizito kumwelekea aliyeshika mfuko.

Khabari hizi si za ng'ambo tu. Meli ya Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, kabla ya kuletwa kwetu ilikuwa ikichukua abiria katika jimbo la Washington huko huko Marekani, katika maji yaliyokingwa na nchi kavu, chini ya macho ya Walinzi hao hao tuliowataja. Chombo kilivuka bahari kikatufikia. Je, macho yale yalivuka nacho? Na kabla yake, tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi chake. Tume huundwa watu wakishazikwa. Mpelelezi tumtakaye sisi ni yule afanyaye kazi watu wangali hai.

Kwa hiyo twaidai Serikali mambo manne. Kwanza, kila malalamiko juu ya baharia yapelelezwe kabla ya msiba, si baada yake. Pili, mpelelezi asiwe hakimu, wala asiwe mtu wa kupigiwa simu na mkubwa. Tatu, baharia apewe mashtaka kwa maandishi, muda wa kujibu na mlango wa rufaa ulio wazi. Nne, mwenye chombo aliyeamrisha watu wapakiwe kama magunia asimame pale pale aliposimama nahodha wake.

Wahenga walisema, mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda. Sisi twasema haki isingoje kupendwa na mtu. Iandikwe, isomwe, ifuatwe. Ndugu zetu waliolala chini ya mkondo wa Nungwi hawawezi tena kudai. Waliobaki kudai ni sisi.