Aliyepiga Hodi Hakuvunja Mlango

Mwezi wa Aprili mwaka 2005, katika mji wa Canberra, nchini Australia, fundi wa kompyuta aitwaye Andrew Tridgell alisimama mbele ya mafundi wenziwe akawaonyesha jambo ambalo watu wengine walikwisha kulilaani kabla ya kulijua. Alichukua programu ya zamani iitwayo teleneti, ambayo kazi yake ni kupeleka maneno kutoka kompyuta moja hadi nyingine, akaielekeza kwenye mlango namba 5000 wa seva ya BitKeeper. Kisha akaandika neno moja la Kiingereza, help, maana yake "nisaidie". Seva ikamjibu kwa kumwandikia orodha ya amri inazozielewa.

Basi, siri yenyewe ilikuwa hiyo. Mtu alipiga hodi, na mwenye nyumba akamwambia vyumba viko wapi.

Hapana budi tueleze kwa nini hodi ile ilizusha ugomvi. Linux ni programu inayoendesha kompyuta nyingi duniani, nayo imeandikwa na maelfu ya watu waliotawanyika katika nchi mbalimbali. Kazi ya watu wengi namna hiyo yahitaji daftari la kuweka kila badiliko: nani alibadili nini, lini, na kwa sababu gani. Tangu mwaka 2002 Linus Torvalds, kiongozi wa kazi hiyo, alitumia daftari la BitKeeper, mali ya kampuni ya BitMover. Mafundi wa Linux waliruhusiwa kulitumia bila malipo, ila kwa sharti kwamba anayelitumia asitengeneze chombo cha kushindana nalo. Taratibu ya mazungumzo baina ya seva na programu inayoomba habari kwake, ambayo mafundi huiita itifaki, haikutangazwa. Kampuni ilitoa njia nyingine za kuisoma kazi ile, lakini njia hizo hazikutoa historia yote. Aliyetaka historia kamili ilimpasa kupita mlango wa kampuni, kwa ufunguo wa kampuni, na kwa masharti ya kampuni.

Tridgell hakuwa ameukubali mkataba ule, kwa kuwa alisema hakupata kuitumia BitKeeper. Akaanza kuandika programu yake mwenyewe ya kuisemesha seva na kuichota historia ile. Kampuni ilikasirika ikaondoa ruhusa ya matumizi ya bure. Torvalds naye akamlaumu Tridgell hadharani, akisema ameharibu mapatano yaliyokuwa yakifanya kazi vizuri.

Hatupendi kuwa wepesi wa kuhukumu. Watu walioiandika BitKeeper ni wafanyakazi kama wafanyakazi wengine, na mshahara wao ulitoka katika mauzo ya chombo kile. Kwa miaka mitatu kampuni iliwapa mafundi wa Linux chombo kizuri pasipo kuwadai hata senti moja. Mtu akikukopesha jembe lake, si adabu kulichunguza usiku upate kufua jingine mfano wake. Hoja hiyo ina uzito, na wanaoipuuza hawaitendei haki kampuni ile.

Lakini jembe ni kitu kimoja na mavuno ni kitu kingine. Historia iliyowekwa ndani ya seva zile haikuandikwa na kampuni. Iliandikwa na mafundi wa Linux, mstari kwa mstari, wengine katika saa zao za kupumzika. Mwenye ghala aweza kudai kodi ya ghala lake. Hawezi kumwambia mkulima kwamba njia ya kuyafikia mahindi yake mwenyewe ni siri ya biashara.

Tena kazi aliyoifanya Tridgell ni kazi ya halali yenye ustadi wake, naye alikwisha kuifanya kabla ya hapo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi katika chuo kikuu hapo hapo Canberra, alianza programu ambayo baadaye iliitwa Samba, iliyoziwezesha kompyuta za namna nyingine kugawana faili na kompyuta zinazotumia Windows. Yeye mwenyewe aliilinganisha njia yake na mtu aliyeingia katika mkahawa wa Kifaransa bila kujua Kifaransa: huketi akasikiliza wengine wanaagiza nini, akatazama wanaletewa nini, na polepole akajifunza jina la mkate.

Ndivyo ifanyikavyo. Fundi husikiliza kwanza mazungumzo yapitayo katika waya baina ya programu ya asili na seva, akayaandika yote. Hubadili kitu kimoja tu, akatazama jibu limebadilika wapi; akibadili viwili kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomjibu. Hupeleka namba za amri moja baada ya nyingine, hata zile zisizotumiwa na mtu, kwa maana seva inayosema "amri hii siijui" na seva inayosema "amri hii umeikosea" zimetoa habari mbili tofauti. Kosa ndilo mwalimu wake. Ni kazi ya miezi na miaka, yenye kuchosha macho, na sehemu kubwa yake isingehitajika kama kurasa chache zingeandikwa na yule aliyeijua itifaki tangu mwanzo.

Huko Ulaya jambo hili lilifika mbele ya wakuu. Mwezi wa Machi mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru, pamoja na mambo mengine, itoe maelezo ya itifaki za seva zake. Mahakama iliukubali uamuzi huo mwezi wa Septemba mwaka 2007, na mwezi wa Desemba wenzi wa Samba wakayapata maandishi yale kwa malipo ya euro 10,000. Walikuwa wamebahatisha kwa miaka kumi na mitano hivi.

Na tusidhani kwamba mlango hufungwa na matajiri tu. Seva nyingi zisizo na maelezo hazikufichwa na mtu, ni uvivu. Fundi ameziandika kwa haraka, akaweka itifaki kichwani mwake, akapata kazi kwingine akaondoka nayo. Wanaobaki hulazimika kupiga hodi gizani kama Tridgell, ingawa nyumba ni yao. Tunawaambia ndugu zetu mafundi wazi wazi: kuandika maelezo ni sehemu ya kazi mliyolipwa kuifanya.

Kwa upande wa wanunuzi, yaani ofisi, shule, hospitali na vyama vya ushirika, swali la kumwuliza muuzaji ni jepesi. Siku tutakapoachana nawe, tutazitoaje kumbukumbu zetu, na yameandikwa wapi maelezo ya kuzitoa? Jibu liwe ndani ya mkataba, wala lisiwe ahadi ya mdomo iliyotolewa juu ya kikombe cha chai.

Torvalds, baada ya kunyimwa daftari, alianza kuandika la kwake tarehe 3 Aprili 2005. Kufikia tarehe 7 lilikuwa limekwisha kuweka historia yake lenyewe. Aliliita Git, na leo ndilo litumiwalo na mafundi wengi kuliko yote. BitKeeper nayo ilifunguliwa mwaka 2016, kila mtu akaweza kuisoma ilivyoandikwa ndani, wakati ambapo waliokuwa wangali wanaihitaji walikuwa wachache.