Mdomo wa Bata Hausindikizi Mtu

Anapofariki mpuliza saksafoni, huo mdomo wa bata, wa bendi zetu za dansi, msibani kuna maneno hayakosekani: "Alikuwa fundi, ila hakuwahi kutoka." Yaani hakuwa na bendi yake, hakushika maiki, alizeekea nyuma ya waimbaji. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya, na wengine ni wapenzi wa bendi za Msondo na Sikinde tangu ujana wao. Lakini imani hiyo, kwamba mwenye wimbo ni mwimbaji na waliobaki ni wasindikizaji, ni ya uongo, na imewadhulumu watu.

Mwaka 1985 Orchestra Safari Sound iliwachukua kutoka DDC Mlimani Park, yaani Sikinde, waimbaji Muhidin Gurumo na Hassani Bitchuka, pamoja na mpiga gitaa Abel Bartazar. Kama mwimbaji ndiye wimbo, Sikinde ilitakiwa kufa wiki ileile. Haikufa. Walikuja waimbaji wengine, na mtu aliyepita nje ya ukumbi wa DDC Kariakoo alijua ni Sikinde kabla halijaimbwa neno, kwa namna tarumbeta na saksafoni zilivyoingia. Sikiliza vizuri rekodi hizo. Mwimbaji anatoa malalamiko yake, wapulizaji wanayapokea, wanambishia kidogo, wanamrudishia yakiwa mazito zaidi. Ondoa majibu hayo, utabaki na mtu anayelia peke yake chumbani. Huo si usindikizaji, ni mazungumzo ya wawili.

Mtazame King Michael Enoch. Aliingia Dar es Salaam Jazz mwaka 1960, enzi ambazo bendi hiyo, Western Jazz na Kilwa Jazz ziligombea wapenzi wa Kariakoo. Alianza na gitaa la solo, na Mlimani Park ikaja kumjua kwa saksafoni. Wanamuziki walimwita Ticha, kwa kuwa alifundisha. Mtu wa namna hiyo utasemaje alikuwa nyuma ya mtu?

Tuje kwenye hilo la "hakuwahi kutoka". Atoke na nini? Bendi kubwa za Dar zilikuwa mali ya taasisi: NUTA ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Mlimani Park ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwimbaji akihama anahama na koo lake. Mpuliza saksafoni akihama anaacha saksafoni stoo. Tunamlaumu kwa kutofungua duka mtu ambaye hata mizani haikuwa yake.

Palipokuwa na utaratibu tofauti, matokeo yalikuwa tofauti. Maquis du Zaire, waliotoka Kongo na kuweka makazi hapa Dar, waliendesha bendi yao wenyewe kwa kampuni yao, na kiongozi wao Chinyama Chianza alikuwa mpuliza saksafoni. Kinshasa, Verckys aliondoka OK Jazz ya Franco mwaka 1969 na mdomo wake wa bata, akaunda bendi ya Vévé na baadaye akawa mfanyabiashara mkubwa wa muziki. Kipaji cha kuongoza kilikuwepo kwa wapulizaji siku zote.

Na hata asiyeongoza ana haki ya jina. Vijana wa Dar es Salaam waliopenda muziki wa soul walizoea rekodi ambazo James Brown, katikati ya wimbo, alimwita mpuliza saksafoni wake: Maceo! Maceo Parker hakuwa mwenye bendi ile, na dunia nzima ikamjua. Kwetu mtangazaji anataja mtunzi, anataja mwimbaji, kisha anapiga wimbo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji pia. Redio zianze kumtambua leo: zitaje nani anapuliza, kila wimbo, kila mara. Hilo halina gharama.

Niliwahi kukaa ukumbini mpaka bendi moja ikafunga. Mpuliza saksafoni, mzee aliyevaa shati la kitenge, alikuwa amefunga kitufe kimoja kwa mpira wa noti, springi ilishakatika. Alikifungua kile kijiti cha mwanzi cha mdomoni, akakifuta taratibu kwa leso, akakitia kwenye mfuko wa shati. Saksafoni akailaza kwenye boksi lililoandikwa namba ya ofisi kwa rangi nyeupe, akamkabidhi mtunza vyombo. Nikamwuliza mbona kijiti anaondoka nacho.

"Hiki nimenunua mwenyewe," akasema, akatoka kutafuta gari la Temeke.