Tandiko la Nyoka Kizimbani: Tupime, Tusitazame Tu

Wenyeji wa kandokando ya Ziwa Viktoria hawana ugeni na nyoka. Miamba ya granaiti iliyotapakaa Mwanza ina nyufa zisizohesabika, na mafunjo ya ufukweni huwapa chatu maficho yaliyo karibu na maji. Miongoni mwa Wasukuma, vyama vya wacheza nyoka, kama vile Bayeye, vimerithishana kwa vizazi vingi ujuzi wa kuwakamata, kuwatunza na kucheza nao ngoma hadharani. Na Jumba la Makumbusho la Wasukuma huko Bujora, Kisesa, linaendelea kuwakumbusha wageni urithi huo. Kisiwa cha Saanane nacho kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, kabla ya kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Kufuga mnyama wa porini ili watu wajifunze ni jambo lililokwisha kuota mizizi katika eneo hili.

Hata hivyo, katika mazungumzo juu ya nyoka wa kizimbani, habari za chakula na sumu huzungumzwa sana, na habari ya kile anacholalia husahauliwa. Wengi hutandika mchanga wa ziwani kwa sababu wapendeza machoni na hauna bei. Maoni yetu ni kwamba tandiko halina budi kuchaguliwa kwa kupimwa, na kwamba kwa kipimo hicho gazeti kuukuu laushinda mchanga.

Yafaa kwanza tukumbuke nyoka ni mnyama wa namna gani. Kwa kuwa hana miguu, hugusa ardhi kwa urefu wote wa mwili wake. Joto la mwili wake hutegemea mahali alipo. Ulimi wake huokota chembechembe na kuzifikisha kwenye kiungo cha Jacobson kilichomo katika kaakaa, naye hutambua harufu kwa njia hiyo. Tena hana kiwambo cha kifua kama chetu, kwa hiyo hawezi kukohoa kwa nguvu na kulitoa vumbi lililoingia mapafuni. Porini, mahali pakiwa na unyevu mwingi au vumbi jingi, yeye huhama. Kizimbani hana pa kuhamia; sisi ndio tuliomchagulia, na ubaya wa chaguo letu huupata yeye.

Sasa tuvitazame vitu vipatikanavyo Mwanza. Mchanga hunata juu ya windo lenye majimaji, ukamezwa pamoja nalo, na ukizidi waweza kuziba utumbo. Aidha, mchanga mwembamba hukauka juu huku chini ukiwa bado umelowa. Nyoka alaliaye unyevu huo siku nyingi huota malengelenge na magamba ya tumbo huoza.

Pumba za mpunga hupatikana kwa urahisi kwenye mashine za kukobolea, nazo zawafaa kuku. Lakini kuku husimama kwa miguu, ilhali nyoka hulala kwa tumbo. Pumba zikichomwa, kama sehemu moja katika tano ya uzito wake hubaki majivu, na karibu majivu hayo yote ni silika, ambayo ni asili moja na kioo. Ndiyo maana pumba ni ngumu, zakwaruza, na zina vumbi. Unga wa mbao una kasoro hiyo hiyo ya vumbi. Maranda makubwa ni afadhali, mradi yasiwe ya mwerezi au msonobari mbichi, kwa kuwa mafuta yanukayo ya miti hiyo huwasha njia ya pumzi. Nyasi kavu nazo huota ukungu upesi majira ya masika.

Gazeti halina vumbi, hunyonya maji, na huondolewa lote kwa mara moja. Zaidi ya hayo, hudhihirisha mambo. Utitiri wa nyoka, ambao ni vidudu vidogo vyeusi vinyonyavyo damu, huonekana waziri kabisa juu ya karatasi nyeupe, na mchangani hujificha. Mkojo wa nyoka hutoka kama chokaa nyeupe ya asidi ya yuriki. Ukiachwa ukalowa, bakteria huuvunja na kutoa amonia. Mlinzi akisimama na kuisikia harufu hiyo puani mwake, na ajue kwamba nyoka aliye chini amekwisha kuivuta kwa wingi zaidi.

Wako watakaosema kwamba karatasi si maisha ya nyoka, kwamba huteleza na kumnyima maficho. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake si gumu. Kurasa zitandikwe kadhaa ili aweze kupenya katikati yake. Chungu kilichotobolewa kando kifudikizwe kiwe pango lake. Na akikaribia kujivua gamba, awekewe kijisanduku chenye kitambaa kibichi. Nyoka aliyekwisha kuzoea, na ambaye imehakikishwa kuwa hana utitiri wala ugonjwa, aweza kuongezewa udongo safi uliochanganywa na majani makavu. Lakini tuanze na karatasi.

Mwalimu asiye na nyoka pia aweza kulifundisha somo hili. Wanafunzi na watie mchanga, pumba, maranda na vipande vya gazeti, vyote vya uzito mmoja, katika chupa nne; wamimine maji ya kipimo kimoja; na baada ya siku moja wapime uzito na kugusa sehemu ya chini ya kila chupa. Kisha wakung'ute kila kitu kikavu juu ya kitambaa cheusi waone vumbi lake. Wafanye hivyo mwezi wa Aprili na tena mwezi wa Agosti, nao watajionea jinsi mvua na kiangazi vibadilishavyo majibu.

Yapo masharti yasiyo na mjadala. Nyoka wa sumu hana nafasi shuleni. Chatu hulindwa na sheria, wala hafugwi pasipo kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Reptilia huweza kubeba bakteria wa salmonela, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, na vyombo vya kizimba visioshewe jikoni. Tandiko lililotumika lichomwe au lifukiwe. Lisitupwe ziwani, ambamo watu huchota maji.

Shule au kituo kisichoweza kubadili gazeti kwa wakati hakiwezi kumtunza nyoka, na heri kimwache porini ajichagulie mwenyewe pa kulala.