Picha ya bundi ina anwani ndani yake

Leo naweka kando lugha za programu nizungumzie picha za wanyama. Huku kwetu Malindi na Kilifi kila mwenye simu sasa ni mpiga picha, na tukijadili maadili ya kazi hiyo huwa tunaishia kwenye mambo mawili: usimsogelee mnyama, usimmulike na flashi. Sina ubishi na hayo. Kasa anayepanda ufuo wa Watamu usiku kutaga anaweza kurudi baharini kwa ajili ya taa moja tu. Lakini mimi ni mwandishi wa programu, na ninaona madhara mengine yanayoanza baada ya picha kupigwa, mnyama mwenyewe akiwa hana habari.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420. Humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, ndege wa sentimita 16 hivi, aliye katika hatari ya kutoweka. Mchana hulala vichakani akiwa na rangi kama ya jani kavu, na unaweza kupita hatua mbili kutoka alipo usimwone. Wanaojua amelala wapi ni waongoza wageni, watu wa vijiji vinavyouzunguka msitu. Ujuzi huo ndio unga wa nyumbani kwao.

Sasa mpige picha kwa simu ambayo kamera yake imeruhusiwa kutumia GPS. Ndani ya faili, mahali usipopaona, simu imeandika latitudo na longitudo. Sehemu hiyo ya faili huitwa EXIF. Hesabu yake ni nyepesi: digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo tarakimu ya nne baada ya nukta ni kama mita 11. Kwa maneno mengine, atakayelipata faili hilo hakupewa jina la msitu. Amepewa kichaka.

Utaniambia Facebook na Instagram huziondoa taarifa hizo. Kweli, nakala wanayoiona watu huwa imesafishwa. WhatsApp nayo hufanya hivyo ukituma kama picha. Ukituma kama hati ili ubora usipungue, na wapiga picha wengi hupenda hivyo, kila kitu kinakwenda. Na hata pale mtandao ulipofuta, tunarudisha wenyewe: programu inauliza "uko wapi?" nasi tunabofya, tena tunaongeza na jina la njia!

Nani aibe bundi? Swali zuri. Mwaka 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza watu 4 faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa biashara haramu ya sisimizi, wengi wao malkia. Naam, sisimizi. Kama sisimizi ana mnunuzi ng'ambo, sioni kwa nini tumhakikishie usalama sange wa Arabuko-Sokoke mwenye matako ya rangi ya dhahabu.

Na hata asipokuja mwizi, watakuja mashabiki. Watu kumi wanakifikia kichaka kilekile kwa ramani ya simu, mmoja anacheza sauti ya bundi iliyorekodiwa ili atoke, naye ndege anadhani mpinzani ameingia kwake. Wakati huohuo yule aliyekuwa akiwaongoza wageni amekaa Gede anasubiri simu isiyolia.

Je, tufiche kila kitu? Hapana, na hapa sikubaliani na baadhi ya wahifadhi. Mnana wa Clarke anapatikana kaunti ya Kilifi tu duniani kote, na kwa miaka mingi hakuna mwanasayansi aliyejua anajenga viota wapi. Mwaka 2013 viota vikapatikana kwenye kinamasi huko Dakatcha, ambako miti inakatwa kwa makaa na mashamba ya mananasi yanazidi kusogea. Kinamasi ambacho hakuna ajuaye kina nini kitatetewa na nani? Kwa hiyo vipimo kamili lazima viwekwe. Swali ni nani aonyeshwe.

iNaturalist imelijibu swali hili muda mrefu. Ukipandisha picha ya mnyama aliye hatarini, umma unaonyeshwa nukta iliyobahatishwa ndani ya mraba wa digrii 0.2, yaani kama kilomita 22 kila upande huku kwetu. Mahali halisi panabaki kwako na kwa wale uliowaamini. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hufanya hivyo bila kumwuliza mtumiaji, kwa sababu watumiaji hawafungui ukurasa wa mipangilio. Tunajua hivyo sote tunaoandika programu, halafu tunaacha kitufe cha mahali kikiwa kimewashwa na kumlaumu mtalii. Hilo ni letu, si lake.

Neno moja kwa wenzangu wanaotaka kuandika kitu kama hiki: usimhamishe ndege kwa namba mpya ya kubahatisha kuizunguka sehemu halisi kwa kila picha. Mwenye picha 50 za kichaka hicho atapiga wastani na kukikaribia sana. Kata tarakimu badala yake, ubakize moja baada ya nukta. Na kiota cha kasa usikionyeshe kabisa mpaka vifaranga watoke. Ni kama miezi miwili tu, picha haiozi.

Kwa leo, kabla hujamtumia mtu picha, iko programu ya bure iitwayo exiftool, inayofanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Andika hivi:

exiftool -gps:all= picha.jpg

Itafuta vipimo vya GPS na kuacha vingine vyote. Angalia tu kwamba hubakiza pembeni faili la mwanzo likiwa na jina picha.jpg_original, lenye kila kitu ndani. Usije ukatuma hilo.